Pigo la tatu: ukiigiza kesi ya Shylock Mombasa

Kikundi kinapochagua kuigiza "Mabepari wa Venisi", ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya mchezo wa Shakespeare, kosa la kwanza huwa ni kuutafuta ubaguzi kwenye matusi. Matusi yapo kweli. Antonio, mfanyabiashara Mkristo wa Venisi, amemtemea mate Shylock, Myahudi mkopeshaji, na kumwita mbwa, kisha anamdhamini rafiki yake Bassanio akope kwa Shylock huyohuyo dukati 3,000 kwa miezi mitatu: deni lisipolipwa, Shylock atamkata Antonio ratili moja ya nyama ya mwilini. Lakini mbele ya matusi mtazamaji hujitoa haraka: mimi simtemei mtu mate, basi hayanihusu. Kinachomhusu kiko mbele zaidi, tendo la nne, mahakamani, na wengi hukipita mbio kwa sababu wakati huo watu wameshaanza kupiga makofi.

Fuata mpangilio wa kesi. Portia, mke wa Bassanio aliyejigeuza mwanasheria wa kiume, anampiga Shylock mapigo matatu. La kwanza ni damu: mkataba unataja nyama, hautaji hata tone la damu. La pili ni uzani: akate ratili moja kamili, na mizani ikiinama hata kwa uzito wa unywele, atakufa na mali yake itachukuliwa. Hapo Shylock ameshashindwa. Anaomba arudishiwe fedha zake tu, ananyimwa, anageuka kwenda zake. Ndipo Portia anapomwambia angoje, sheria bado imemshika. Pigo la tatu: mgeni akithibitika kutaka kumtoa uhai raia wa Venisi, nusu ya mali yake ni ya aliyekusudiwa, nusu ni ya hazina ya dola, na uhai wake umo mikononi mwa Mtawala.

Mgeni! Mtu huyu ana nyumba Venisi, ana binti aliyemlea humo, anafanya biashara Rialto, sokoni, na kila mtu anamjua. Kesi nzima anaambiwa sheria ni moja kwa wote, na dakika ya mwisho unafunguliwa ukurasa mwingine ambamo hajawahi kuwa mwenyeji. Huo ndio moyo wa mchezo, kwa maoni yangu, na ndio unaofaa kufanyiwa mazoezi zaidi ya sehemu nyingine yoyote. Mpe Shylock hatua tano hadi mlangoni. Portia aseme anapofika ya nne, bila kupandisha sauti. Asome sheria ile kama karani anayesoma fomu, na karatasi igeuzwe watu waisikie. Akiisoma kwa ushindi, ukumbi utashangilia naye. Akiisoma kwa utaratibu, ukumbi utatulia, maana sauti hiyo watu wa Pwani wanaijua.

Wanaijua kwenye madirisha ya kipande. Kwa miaka mingi kijana aliyetimiza miaka 18, kazaliwa hapahapa, kasoma hapahapa, alipigwa msasa kwa sababu ya jina lake au sura yake: lete cheti cha baba, lete cha babu, rudi kamati ikikaa. Aliyepanga foleni nyuma yake alipiga alama za vidole na kwenda zake. Wamakonde, waliokuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, ilibidi mwaka 2016 waandamane kutoka Kwale hadi Nairobi ndipo watambuliwe kuwa Wakenya. Wapemba wa Pwani, wengi wao wavuvi, walisubiri hadi 2023. Hakuna aliyehitaji kuwatukana. Kilichohitajika ni fomu isiyo na nafasi ya kuandika jina lao.

Kuhusu mavazi na vifaa, usimvishe Shylock pua ya bandia wala ndevu nyekundu. Mwigizaji Edmund Kean aliachana na wigi jekundu la Shylock huko London tangu 1814, na hakuna sababu ya kulirudisha leo. Isitoshe, Portia akiingia mahakamani huuliza ni yupi mfanyabiashara na ni yupi Myahudi. Kwa macho hawezi kuwatofautisha, na ukimpamba Shylock kama kinyago umeliua swali hilo. Wavishe wote wawili kanzu za kitambaa kimoja. Tofauti iwe kofia ya rangi peke yake, kwani Wayahudi wa Venisi walilazimishwa kuvaa kofia ya kuwatambulisha, na tangu 1516 walifungiwa usiku kwenye mtaa wao wenye malango. Mtaa huo uliitwa Ghetto, na ndiko lilikotoka neno geto la vijana wetu.

Mizani iwe ya sahani mbili. Siku moja ya mazoezi nunueni nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa, mpunguze kama gramu 46, muiweke juu ya sahani. Hiyo ndiyo ratili. Anayeigiza Antonio aione, aishike mkononi, ajipime nayo kifuani. Tangu siku hiyo hamtahitaji kumwambia aonyeshe hofu. Faida ya pili ni kwamba hakuna atakayemgeuza Shylock kuwa malaika: mtu huyu amedhulumiwa, na amekuja na kisu anachokinoa kwenye soli ya kiatu. Vyote viwili vibaki.

Kuna mahali wakurugenzi hupunguza ili kuokoa muda, nami naomba pasiguswe. Shylock anawaambia waheshimiwa wa mahakama kwamba wana watumwa waliowanunua, wanawatumikisha kama punda na mbwa wao. Je, awaambie wawaache huru na kuwaoza watoto wao? Watajibu, watumwa ni wetu. Basi na nyama hii ni yangu, nimeinunua. Igizo hili liliandikwa karibu 1596, miaka ileile Wareno walipokuwa wakijenga Ngome hapa mjini. Ng'ambo, Kengeleni, bado kuna kengele ya Frere Town, kijiji cha waliokombolewa utumwani katika miaka ya 1870, na hadhi ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria hapa hadi 1907. Posa hukwama hadi leo kwa swali la babu wa babu alikuwa wa nani. Aya hiyo ikisemwa polepole, huku Shylock akiwatazama watazamaji badala ya majaji, haihitaji maelezo.

Posa inaturudisha kwa Portia. Kabla hajaolewa, Mwanamfalme wa Moroko anakuja kumchumbia, na neno lake la kwanza ni ombi kwamba asichukiwe kwa rangi yake. Portia anamjibu kwa heshima zote. Mchumba hutakiwa kuchagua moja kati ya masanduku matatu; Mwanamfalme anapochagua la dhahabu na kukosa, akishaondoka, Portia anaomba wote wenye rangi kama ya mgeni huyo wachague vivyo hivyo. Sisi tuna neno letu la shughuli hii: si kufu yake. Husemwa taratibu, kahawa ikiwa bado mezani, mgeni akishavuka kizingiti. Mwigizaji wa Portia atumie tabasamu lilelile hapa na katika hotuba ya huruma mahakamani. Akitumia mawili tofauti, watu watadhani ni wanawake wawili.

Jambo linaloharibu maonyesho mengi ni kumbadilisha Myahudi kuwa Mhindi wa duka ili "watu waelewe". Wataelewa vibaya. Utakuwa umechukua chuki ya mbali na kumbandika jirani, na kesho yake watoto watalirudia jina hilo dukani. Mwache Myahudi. Kwa kuwa mjini neno hilo husikika kama jina la dola ya Israeli, msimulizi aseme mapema, kwa sentensi mbili, kwamba huyu ni mkazi wa Venisi zaidi ya miaka 300 kabla ya dola hiyo kuundwa mwaka 1948.

Baada ya onyesho, tenga dakika 20. Usiulize "mmejifunza nini". Soma ibara ya 27(4) ya Katiba ya 2010, inayokataza ubaguzi, neno kwa neno: rangi, dini, asili, mavazi, lugha, kuzaliwa na mengineyo. Kila mtu anyanyue mkono kwenye neno linalomgusa Shylock, kisha usome tena, safari hii anyanyue kwenye neno lililowahi kumgusa yeye. Usimlazimishe mtu kueleza.

Adhabu ya mwisho, kwamba Shylock abadili dini, isindikizwe na kimya. Katika mji wenye misikiti na makanisa ukuta kwa ukuta, kimya hicho huja chenyewe ukikiachia nafasi. Shylock anasema hajisikii vizuri, hati wamtumie nyumbani ataitia sahihi. Atoke bila muziki. Kofia yake ibaki sakafuni tendo lote la tano, na wapenzi wa Belmont, nyumbani kwa Portia, waizunguke wakipita.