Utumbo hausubiri korona iishe

Barua iliyosimamisha upasuaji Uingereza ina tarehe 17 Machi 2020. NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, iliziagiza hospitali ziahirishe upasuaji wote usio wa haraka kwa angalau miezi mitatu ili vitanda vibaki kwa wagonjwa wa korona. Matibabu ya saratani yalitajwa waziwazi kwamba yaendelee. Ukiisoma barua ile peke yake utadhani mwenye uvimbe kwenye utumbo mpana alikuwa salama.

Ila saratani ya utumbo mpana haiji hospitalini ikiwa imeandikwa jina. Inakuja kama damu kidogo kwenye choo, ambayo kila mtu huiita bawasiri. Inakuja kama uchovu wa mtu aliyepungukiwa damu bila sababu, au choo kilichobadilika tabia kwa wiki sita mfululizo. Ili ipate jina lazima kamera ipite njia ya haja kubwa, na kamera ndiyo iliyosimama. Aprili 2020, vipimo vya kolonoskopi England vilipungua kwa asilimia 92 ukilinganisha na wastani wa mwezi wa mwaka 2019. Rufaa za haraka za watu wanaoshukiwa kuwa na saratani hii zilipungua kwa asilimia 63. Kufikia Oktoba, waliogunduliwa na kutibiwa walikuwa pungufu kwa zaidi ya 3,500 kuliko ilivyotarajiwa. Hao hawakuwa wamepona, walikuwa majumbani mwao. Kwa maoni yangu hapo ndipo korona ilipowaumiza zaidi wagonjwa wa utumbo: mlangoni, kabla hata daktari wa upasuaji hajaosha mikono.

Kilichookoa jahazi kwa kiasi ni kipimo cha kinyesi, FIT. Ni kichupa kidogo chenye kijiti kilichoshikana na kifuniko, na ncha ya kijiti ina mifereji. Tandika karatasi au weka chombo ili kinyesi kisiguse maji ya choo, kwaruza sehemu kadhaa mpaka mifereji ijae, rudisha kijiti, funga, usifungue tena. Kosa la kwanza ni kujaza donge zima ukidhani wingi ndio uhakika. Maabara inataka kile kilichobaki kwenye mifereji tu. La pili ni kusahau kuandika tarehe. Kwa mtu mwenye dalili, jibu la mikrogramu 10 za damu kwa kila gramu ya kinyesi au zaidi lilimsogeza mbele kwenye foleni ya kamera. Chini ya 10 hupunguza wasiwasi, lakini hakumwachilii mtu mwenye uvimbe unaoshikika tumboni au aliyeishiwa madini ya chuma bila maelezo.

Tena usijipe moyo kwa umri. Mwigizaji Chadwick Boseman alifariki Agosti 2020 kwa saratani hiihii akiwa na miaka 43, na Marekani ilishusha umri wa kuanza uchunguzi kutoka miaka 50 hadi 45 mwezi Mei 2021.

Sasa twende thieta, chumba cha upasuaji. Mwezi Mei 2020 kundi la watafiti la COVIDSurg lilichapisha hesabu ya wagonjwa 1,128 kutoka nchi 24 waliopasuliwa wakiwa na virusi, wengi wao wakiwa wamepasuliwa kwa dharura. Nusu yao walipata matatizo ya mapafu, na asilimia 23.8 walifariki ndani ya siku 30. Baada ya hapo ikawa wazi kwamba hatari kubwa ni kumpasua mtu aliye na virusi, au kumwambukiza akiwa wodini na mshono mbichi. Ndiyo maana hospitali zilitenganisha majengo: upasuaji wa saratani ukahamishiwa sehemu zisizopokea dharura, zikiwemo hospitali binafsi ambazo NHS ilizikodi. Mgonjwa alijifungia nyumbani siku 14 pamoja na wote anaoishi nao, akapimwa puani na kooni ndani ya saa 72 kabla ya kulazwa, na mwanzoni wengine walipigwa pia CT ya kifua, yaani picha za ndani za kompyuta. Aliyevunja masharti angeweza kuahirishiwa upasuaji.

Anayesubiri huku uvimbe umebana njia ale kwa akili. Nyuzinyuzi zikifika pale penye mwanya mwembamba zinakwama, na utumbo ukiziba ni dharura. Kwa mlaji wa kwetu maana yake ni kuacha makande, mahindi ya kuchoma, mchicha, karanga, maembe yenye nyuzi na ngozi za machungwa. Wali mweupe, mkate mweupe, uji laini, mayai, samaki na viazi vilivyomenywa vinapita. Tumbo likijaa kama ngoma, ukatapika na hata ushuzi hautoki, hapo husubiri miadi ya mtu. Unakwenda siku hiyohiyo.

Ndani ya thieta mabishano makubwa yalikuwa juu ya upasuaji wa matundu. Kwa kawaida tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi kwa shinikizo la milimita 12 hivi za zebaki, kamera ikaingia, na utumbo ukakatwa kupitia matundu madogo. Hofu ilikuwa kwamba hewa ile, ikichanganyika na moshi wa kisu cha umeme, ingebeba virusi hadi usoni kwa madaktari, maana virusi vya homa ya ini aina ya B vilishawahi kupatikana kwenye moshi wa namna hiyo. Machi 2020 vyuo vya madaktari wa upasuaji Uingereza vilishauri njia ya matundu itumike kwa wachache waliochaguliwa tu. Wengi wakarudia mkato mrefu wa katikati ya tumbo. Nadhani ushauri ule ulikuwa mkali kupita kiasi, kwa sababu mkato mrefu una bei yake: maumivu zaidi, kupumua kwa shida, siku nyingi zaidi wodini, na wodi ndiyo iliyokuwa na korona. Taratibu wakajifunza kuiendesha ile hewa. Shinikizo likashushwa, matundu yakatobolewa madogo yasivuje, na hewa yote ikanyonywa kupitia chujio kabla ya kipande cha utumbo kutolewa. Kufungua vali ikafuka chumbani kukapigwa marufuku.

Upasuaji wenyewe haukubadilika. Uvimbe wa upande wa kulia huondolewa pamoja na mwanzo wa utumbo mpana na kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba; wa puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, huondolewa pamoja na mafuta yanayoizunguka, yakiwa mazima ndani ya utando wake. Maabara inatakiwa ihesabu angalau tezi 12 za limfu, la sivyo hatua ya ugonjwa haijulikani vizuri. Kilichobadilika ni swali la mwisho kabla ya kufunga tumbo: tuunganishe ncha mbili, au tutoe stoma, yaani tundu tumboni la kutolea kinyesi kwenye mfuko?

Mshono unaweza kuvuja. Ule wa chini kabisa kwenye puru huvuja kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi, na anayevuja mara nyingi anahitaji kitanda cha mahututi. Vitanda hivyo vilikuwa haba. Mwongozo wa 2020 ukasema wazi kwamba stoma ifikiriwe badala ya kuunganisha, na asilimia ya waliotoka na mfuko tumboni ikapanda. Ubaya zaidi, dalili za mshono kuvuja na za korona zinafanana mno: homa, moyo kwenda mbio, na kiwango cha juu cha CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na jeraha au maambukizi. Baada ya upasuaji CRP hupanda hadi siku ya pili au ya tatu kisha hushuka. Ikibaki juu ya miligramu 150 kwa lita siku ya nne, utumbo ndio mshukiwa wa kwanza hata kama kipimo cha korona kimerudi chanya. Kosa lililogharimu watu ni kuridhika na jibu moja. CT ipigwe ya tumbo na kifua kwa safari moja.

Kwa saratani ya puru kulikuwa na njia ya kununua muda. Badala ya mionzi ya wiki tano pamoja na vidonge, mgonjwa alipewa mionzi mikali kwa siku tano, greyi 5 (kipimo cha mionzi) kila siku, kisha upasuaji ukasogezwa wiki kadhaa mbele. Safari tano za hospitali badala ya ishirini na tano. Aprili 2020 idadi ya waliopewa mionzi kabla ya upasuaji England ilipanda kwa asilimia 44 kuliko wastani wa mwezi wa 2019, kwa sababu ya kutumia zaidi mionzi hiyo mifupi.

Jambo moja linawahusu Waswahili wa ughaibuni moja kwa moja. Wageni walikatazwa wodini, kwa hiyo maelezo ya upasuaji na idhini vilipita kwenye simu. Mama wa Kikongo au bibi wa Kibarawa asiyejua Kiingereza alitafsiriwa kwa spika, pengine na mjukuu wake. Mjukuu akisema «tumbo» pale daktari aliposema «puru», mgonjwa ametia saini kitu kingine kabisa. Dai mkalimani wa hospitali, umwulize kwa Kiswahili cha kawaida maswali matatu: mtakata kipande gani, nitatoka na mfuko, na mfuko huo ni wa muda au wa kudumu?

Mafunzo ya mfuko pia yalibanwa. Muuguzi wa stoma aliyekuwa akija nyumbani akabaki kwenye video, na wagonjwa wakaruhusiwa mapema. Aliyejifunza kabla ya upasuaji alipata ahueni. Bandika mfuko tumboni, utie maji vikombe viwili, ulale nao usiku mmoja. Alama ya mahali pa stoma ichorwe ukiwa umekaa, umesimama na umeinama, mbali na mikunjo na mkanda. Stoma yenyewe ni nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya mdomo. Ikigeuka zambarau au nyeusi, piga simu mara moja. Tundu la kibandiko likatwe kubwa kuliko stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Likizidi, kinyesi kinachoma ngozi. Stoma hunywea kwa wiki sita hadi nane za mwanzo, hivyo pima upya kila wiki. Mwaga mfuko ukifika theluthi.

Kwa wenye stoma ya utumbo mwembamba kinachoogopwa zaidi ni kukaukiwa maji mwilini. Ikitoka zaidi ya lita 1.5 kwa siku, kunywa maji matupu kunaongeza balaa: utumbo huyamwagia chumvi kutoka mwilini, kisha vyote viwili vinatoka pamoja. Mchanganyiko unaotumika sana Uingereza ni lita 1 ya maji, glukosi gramu 20, chumvi gramu 3.5 na baikaboneti ya soda gramu 2.5. Pima kwa mizani, kijiko kinadanganya. Maji matupu yasizidi lita 1 kwa siku. Dafu halitoshi hapa, lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo.

Halafu kuna sindano ya kuzuia damu kuganda, kila siku kwa siku 28 tangu upasuaji. Unajichoma mwenyewe kwenye mafuta ya tumbo, mbali na mshono, bila kusugua baadaye. Usiiache mapema kwa sababu unajisikia mzima.

Na aliyepata korona kabla ya upasuaji? Utafiti mwingine wa COVIDSurg, wa wagonjwa 140,231 katika nchi 116, uliochapishwa 2021, ulionyesha hatari ya kifo ilibaki juu mpaka wiki 7 tangu maambukizi zipite. Uvimbe unaovuja damu au kuziba njia hauwezi kusubiri kiasi hicho, kwa hiyo daktari anapima hatari mbili kwa pamoja. Mwenye kikohozi kinachoendelea asubiri zaidi kama uvimbe unaruhusu.

Waliopewa stoma ya muda ndio waliosahauliwa. Kurudisha utumbo ndani kuliwekwa mwisho wa foleni, na miezi michache iliyoahidiwa ikawa mwaka au zaidi. Ukiwa unasubiri, usishtuke ukihisi haja kwa njia ya zamani na ukatoa ute mweupe mzito. Puru iliyobaki inaendelea kuutengeneza. Kaa chooni mara moja kwa siku, uutoe bila kukamua. Ukiwa na damu mbichi au usaha wenye harufu, mpigie muuguzi wa stoma.