Nilivyoihesabu Miti ya Mtaa Wetu wa Tudor, Mombasa

Aliyenishauri nijumlishe miche iliyopandwa na miti iliyokuwapo, kisha niandike ripoti, alinipotezea wiki mbili nzima. Kama si mazoea yangu ya kuweka daftari la duka, leo ningekuwa ninajivunia msitu usiokuwapo. Mwenye duka haandiki magunia aliyonunua tu. Huandika yaliyokuwamo, yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyosalia. Nilipousoma mfumo wa hesabu za mazingira uliopitishwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwezi wa Machi 2021, nilicheka peke yangu, kwa kuwa jedwali lake la ukubwa wa maeneo ya asili limepangwa vivyo hivyo: kiasi cha mwanzo, nyongeza, upungufu na kiasi cha mwisho.

Unene wa mashina haukunisumbua. Niliazima tepu ya fundi cherehani, nikapima mzingo wa kila shina mita 1.3 kutoka ardhini, nikagawanya kwa 3.14 ili kupata kipenyo. Mbuyu ulipoishinda tepu, nilifunga leso kwa leso, nikazitia alama ya wanja zilipokutana, nikaenda kuzipima sebuleni. Mke wangu hajanisamehe ule wanja.

Kilichonitoa jasho ni urefu. Niliambiwa nisimamishe kijiti cha mita moja, nipime kivuli chake na cha mti, kisha nilinganishe. Mshauri hakutaja saa, nami, kwa bidii isiyo na akili, nilitoka saa sita na nusu mchana katika wiki ya pili ya Machi. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na siku hizo jua hupita utosini hasa. Kijiti kilisimama wima bila kivuli chochote, nami nimekiinamia na daftari mkononi, huku watoto waliotoka madrasa wakiniuliza nimepoteza nini. Nilirudi kesho yake saa tatu na nusu asubuhi, wakati kivuli cha kijiti kilipolingana na kijiti chenyewe, hivyo kivuli cha mnazi kikawa ndio urefu wake, bila hesabu yoyote. Kwa mwembe hila hiyo haifai, kwani matawi yake yaliyotanda hurefusha kivuli kuliko kilele kinavyostahili. Miembe niliiandikia unene tu.

Bibi mmoja aliponiona nimeukumbatia mwembe wake alitoka na upawa. "Mwanangu, wapima ili ukate, au wapima ili uchukue kiwanja?" Nilimwamkia shikamoo, nikaketi barazani kumweleza, na saa nzima ikapita. Anayetaka kupima mti wa mtu aanze na salamu, tepu ifuate.

Gharama sikuziandika, ajabu kwa mtu wa daftari. Labda shilingi mia nne, nyingi zikiwa za maji ya madafu.

Baada ya mwaka nilirudi kufunga hesabu. Nilianza na miti 47. Miche 30 ilipandwa kwa picha na hotuba, ikafa 26, mingi kwa kiu na meno ya mbuzi. Miti mikubwa miwili ilikatwa, mmoja ukaangushwa na upepo wa kusi. Ripoti ya mshauri wangu ingesema 77. Daftari langu linasema 48, na kati ya hiyo minne bado haifiki magotini. Mwembe wa bibi umo, ila katika safu ya maoni nimeandika kwamba mwenyewe ataka kwanza aonyeshwe daftari.