Perushi wa Muhumba

Mvua ya Novemba ilikuwa imekatika nikawa nashuka Muhumba, hapa Bukavu, niliposikia wanana wakipiga kelele kwenye mkaratusi wanaoning'iniza viota vyao. Katikati ya manjano yao palikuwa na ndege wa buluu. Vijana wawili walikwisha kumlenga kwa manati.

"Papa, hii ndege haiko ya huku. Tuiangushe tuone."

Niliwasihi wangoje.

Rangi peke yake haitoshi kumtambua ndege; hata ndege aitwaye chozi hung'aa buluu jua likimpata vizuri. Nilitazama umbo. Mkia mrefu, uliochongoka. Mdomo mfupi uliopinda, umezama katika manyoya ya uso. Mistari myeusi ya mawimbi toka kisogoni hadi mabawani. Kisha akapanda tawi la juu akijivuta kwa mdomo, na hapo nikaona vidole: viwili mbele, viwili nyuma. Basi ni kasuku! Ila kasuku wa misitu yetu ni wa kijivu mwenye mkia mwekundu, tena mkubwa, na huyu alikaribiana na wanana kwa kimo.

Alikuwa perushi, kasuku mdogo wa Australia. John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na vizazi vyao sasa vinafugwa duniani kote. Kwao, kwenye nyika kavu, wana rangi ya kijani; buluu ni ya wale waliozalishwa vizimbani. Kwa hiyo huyu alikuwa na mwenyewe, mahali fulani juu ya kilima. Ngozi iliyozunguka matundu ya pua nayo ilikuwa buluu: dume.

Nilimhofia sana. Mwewe walikuwa wakizunguka juu ya ziwa, na usiku wa Bukavu una baridi na mvua. Mama mmoja aliyeanika ulezi kando ya njia alinipa konzi moja ya ulezi huo. Kijana yule yule wa manati akaomba aushike yeye, akanyoosha kiganja na kutulia kabisa. Ndege akatua ukutani, akasogea, akapanda kidoleni mwake na kuanza kula.

Tulimfunika kwenye kikapu, tukapanda tukiuliza geti baada ya geti. Bibi aliyetufungulia mwishowe hakuuliza tumempata wapi. Aliuliza kama amekula. Kijana akampa ulezi uliobaki.