Jumatano ya Kufungua Belo

Mama alinipa shilingi 20,000, zamu yake ya chama cha kuchangiana aliyokuwa akiingoja tangu Januari, na kabla sijagusa laptopu yoyote nilikuwa nimeshapoteza 2,000.

Ilikuwa Agosti 2018. Nilikuwa nimeitwa Chuo Kikuu cha Maseno kusomea ualimu wa hisabati na kompyuta, na siku zilibaki chache. Usiku mmoja nikaona mtandaoni laptopu safi kabisa, bei 12,000. Muuzaji alisema yuko Nakuru. Nimtumie 2,000 kwa M-Pesa, aipakie kwenye basi la usiku, nimalizie nikishaipokea Kisumu. Nilituma. Asubuhi nikasimama dirishani pa vifurushi hadi jua likawa kali, hakuna mzigo wenye jina langu, na ile namba ikawa haipatikani tena.

Mama aliuza mashati ya mitumba ya wanaume sokoni Kibuye, akiyanunua kwa belo, yaani robota zima lililofungwa. Siku nzuri, shati moja lilimpa faida ya shilingi 40. Nilipiga hesabu nikitembea kurudi nyumbani Manyatta: mashati 50. Mashati 50 ya kupigwa pasi ya makaa, kutundikwa, kuteremshwa jioni, kufungwa tena.

Nilikaa siku mbili bila kusema. Jioni ya tatu, tukikunja nguo, nikamwambia. Hakupaza sauti. Alimaliza kukunja shati alilokuwa nalo, akaliweka juu ya mengine, akasema, "Mimi nanunua belo likiwa limefungwa kwa sababu hawaniruhusu kulifungua. Wewe nani alikukataza?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nimweleze njia zote nilizokuwa nimezifikiria, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu bidhaa.

Ya kwanza ilikuwa laptopu mpya dukani, 42,000. Hiyo hatukuizungumzia sana. Ya pili ilikuwa hiyo hiyo mpya, lakini kwa kulipa polepole: amana 9,000, kisha 4,200 kila mwezi kwa mwaka mzima. Karatasi yao nilikuwa nayo. Mama alichukua kalamu, akaandika mwenyewe nyuma ya karatasi: 4,200 mara 12 ni 50,400, ukiongeza amana inakuwa 59,400. Akaisukuma kwangu bila neno. Mpaka leo naamini karatasi ile ingetuumiza kuliko yule tapeli. Tapeli alichukua mara moja akaenda zake. Hii ingerudi kila mwisho wa mwezi, na ingerudi kwa haki, maana tungekuwa tumetia sahihi. Mkopo wa HELB, ule wa serikali wa wanafunzi, nilikuwa nimeuomba, lakini tulikuwa tumeupangia chakula na kodi ya chumba, na Mama hakutaka hata kusikia ukitajwa.

Njia ya tatu ilikuwa Nairobi. Mjomba alisema barabara ya Luthuli ina kila kitu na bei iko chini. Lakini nauli ya kwenda na kurudi ingekula kama 2,000 nyingine, na laptopu ikigoma wiki ya pili ningemrudishia nani?

Ya nne ilikuwa maduka ya hapa kwetu, Oginga Odinga Street, yanayouza zile zilizotumika Uingereza, ambazo mjini kila mtu huziita "ex-UK". Nilikuwa nimeona Dell Latitude E6430 kwa 24,000. Nikamweleza Mama kwamba ofisi za huko hubadilisha mashine baada ya miaka mitatu au minne hata kama bado nzima, wafanyabiashara huzinunua kwa wingi, zinaletwa huku, zinapangwa kwa madaraja, zinasafishwa, zinauzwa.

Aliacha kukunja. "Kwa hivyo ni mitumba."

"Ndiyo, Mama."

"Basi hapa Kisumu nani anafungua belo?"

Mama hakujua RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kompyuta, ni nini, na hakuwahi kushika kompyuta maishani mwake. Lakini alijua kwamba nguo ikishafika dukani ikiwa imenyooshwa na kutundikwa kwenye hanga, pasi na hanga umeshavilipia. Alijua kwamba belo likifunguliwa, wa kwanza kufika huchagua kamera, zile nguo bora zenyewe, na wa mwisho huachiwa fagia, yale mabaki. Mimi nilikuwa nikitafuta duka la bei rahisi. Yeye alikuwa akitafuta mahali ambapo mzigo unafunguliwa.

Ilimchukua siku moja. Aliuliza kwa anayeuza chaja za simu mkabala na kibanda chake, huyo akauliza kwa mwenzake, na jioni akaja na jibu: kuna fundi ghorofani, nyuma ya barabara kuu, ambaye hupokea mashine kutoka Nairobi Jumanne usiku na kuwatengenezea wenye maduka. Jumatano asubuhi hufungua.

Saa moja kasorobo tulikuwa mlangoni. Mama alikuwa amevaa leso yake ya sokoni, pesa zimefungwa kwenye pindo. Mimi nilibeba flashi niliyopewa na kaka mmoja wa saiba, yenye Ubuntu 18.04, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na maelezo aliyoniandikia kwenye kipande cha karatasi.

Fundi alishangaa kidogo lakini akatukaribisha. Maboksi matatu yalikuwa sakafuni. Ndani, laptopu zilikuwa zimesimamishwa kama vitabu: Dell, HP, ThinkPad, nyingi hazina diski, baadhi hazina betri, zimejaa vumbi na mabaki ya vibandiko vya ofisi. Juu ya namba 3, mahali nilipozoea kuona alama nyingine, palikuwa na alama ya pauni. Mama aliuliza ile ni nini. Nilipomwambia ni pesa ya Uingereza akatikisa kichwa taratibu, kama aliyeonyeshwa cheti cha kuzaliwa.

Kisha akaanza kazi. Sijawahi kumwona akifanya kazi yake nje ya Kibuye, na sikujua ingeonekana vile. Alifungua na kufunga kila kifuniko akisikiliza bawaba, kama anavyopima zipu. Alizigeuza. Alipitisha kidole juu ya herufi, na zile ambazo herufi zake zilikuwa zimeanza kung'aa kwa kuguswa sana aliziweka kando. "Shati linaanzia kuchoka kolani," alimwambia fundi. "Hii kola yake ni hapa."

Ya kwanza niliyoipenda mimi ilikuwa HP nyembamba, nzuri kuliko zote. Nilipoiwasha ikaniuliza nywila hata kabla ya kuonyesha chochote.

"Hiyo itafunguka tu," fundi alisema. "Kazi ya dakika tano."

"Basi ifungue, baba," Mama alisema kwa upole. "Tutangoja hizo dakika tano."

Fundi aliichukua, akaitazama, akairudisha kwenye boksi. Hakukasirika. Nadhani kuanzia hapo alianza kutuheshimu.

Mama alikuwa ameshika E6430 moja ambayo mimi ningeipita. Kifuniko kilikuwa na mkwaruzo mrefu, pembe moja imebonyea, haina diski, betri imekufa, RAM ni GB 2 tu. Lakini herufi zote zilikuwa kavu kama mpya. Akaigeuza chini na kumwonyesha fundi pale katikati, ambapo pana tundu pana la kuunganishia, pembeni yake plastiki imechubuka kwa kuingizwa na kutolewa mara nyingi.

"Hapa ilikuwa inafanywa nini?"

Fundi akaeleza kwamba ofisini huwa kuna kitako mezani. Mwenye laptopu anaipachika hapo, kisha anatumia skrini kubwa na kibodi nyingine.

"Kwa hivyo hakuwa akiiandikia yenyewe," Mama alisema. "Ilikuwa inakaa."

Fundi alinitazama mimi, akamtazama tena yeye. "Ni kweli, Mama. Hii ilikuwa inakaa."

Sasa ikawa zamu yangu. Tuliazima chaja, nikabonyeza F2, mipangilio yake ikafunguka bila nywila. Nikabonyeza F12 na kuanzisha majaribio yake yenyewe. Ikapitisha mistari ya rangi na kuniuliza kama nimeiona sawasawa, ikazungusha feni kwa kelele, ikalalamika betri tu. Nikachomeka flashi, Ubuntu ikaamka bila diski yoyote. Nikajaribu kila tundu la USB, spika, kamera, Wi-Fi. Mama alisimama nyuma yangu muda wote huo, na kila kitu kilipokubali nilisikia akivuta pumzi.

Aliuliza swali moja zaidi, ambalo halikuwa kwenye karatasi yangu: vipuri vyake vinapatikana? Fundi alisema hilo ndilo jambo zuri la mashine hii. Betri yake ni ile ile ya E6420 na E6530, unaichomoa kwa vidole, na RAM na diski unazifikia kwa kufungua skrubu chache. Alikuwa na droo nzima ya vitu hivyo.

Alitaka 11,000. Mama alitaja mkwaruzo, pembe, betri, diski, kisha akataja 7,000. Walisogeleana polepole, bila uchungu, watu wawili wa kazi moja, wakakutana 8,500. Diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka ndani, ya GB 120, mpya, 3,200. Ningeweza kuchukua ya zamani ya GB 320 kwa bei nafuu zaidi, lakini kaka wa saiba alikuwa ameandika neno SSD na kulipigia mistari miwili, na nashukuru nilimsikiliza, kwa maana ndiyo iliyoifanya mashine ya mwaka 2012 iende mbio. RAM ya GB 4, iliyotumika, 1,800. Betri iliyotumika, tuliyoipima hapo hapo, 2,000. Chaja 1,000. Jumla 16,500. Mama alifungua pindo la leso, akahesabu mara mbili, na 1,500 zikabaki.

Tulishuka ngazi nikiwa nimeikumbatia kifuani. Tulipopita dirisha la lile duka, E6430 ya 24,000 ilikuwa bado pale, imepakwa kitu cha kung'arisha, ina picha ya maua kwenye skrini. Mama hakusimama. Alikuwa anawahi Kibuye, mashati yalikuwa bado hayajatundikwa.

Jioni alirudi na begi la mtumba alilolipata kwa jirani yake kwa 250. Zipu ilikuwa nzima. Aliijaribu mbele yangu mara tatu. Mkanda mmoja tu ulikuwa umeanza kufumuka. Akatafuta sindano na uzi mweusi, akakaa mkabala nami chini ya taa, nami nikaanza kusakinisha Ubuntu kwenye diski.

"Imefika wapi?" aliuliza baada ya muda.

Niliutazama ule mstari wa usakinishaji kwenye skrini. "Nusu, Mama."

Akainua mkanda karibu na macho yake, akautazama ulivyoshonwa. "Hata mimi," alisema, akatunga uzi tena.