Jogoo wa Muko

Jumamosi iliyopita nilikuwa miongoni mwa waliomsindikiza binamu yangu kwa wazazi wa mchumba wake, karibu na Masaka, katika shughuli ambayo Waganda huiita kwanjula. Sisi tuliolelewa katika Kiswahili huzoea kusema ni posa, ila posa hupelekwa na wazee wachache, ilhali siku hii ukoo mzima huja, wanaume wakiwa wamevaa kanzu na makoti, wanawake gomesi, huku wasemaji wa pande mbili wakijibizana kwa muda mrefu.

Aliyenivutia zaidi ni ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, ambaye alipita polepole kati ya safu zetu hadi alipomfikia binamu yangu, akamtambulisha mbele ya wote. Kisha akaitwa muko, kaka wa binti, akakabidhiwa jogoo wake. Katika vikapu vyote tulivyopeleka, zawadi hiyo ndiyo niliyoiona kuwa na uzito mkubwa kabisa, kwa kuwa kuipokea kwake kulimaanisha ameridhia.

Kwa Wanyankole, kabila jingine la Uganda, sherehe ya kumuaga binti huitwa kuhingira, na wazazi humpa vyombo vya kuanzia maisha. Mahari nayo hutolewa kote huko, ingawa tangu mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda imekataza kudai irudishwe ndoa inapovunjika, uamuzi ambao mimi ninauunga mkono kwa moyo wote.