Mistari ya Penseli Kwenye Kalenda

Mnamo Januari 2024 nilianza kuchora mstari wa penseli kwenye kalenda ya ukutani kila siku niliyokula katika mkahawa wa chipsi ulioko njia ya kazini kwangu, hapa Malindi. Kama ningeulizwa kabla ya hapo, ningeapa kwamba ni mara moja au mbili kwa juma. Mwezi ulipokwisha, mistari ilikuwa 17.

Kilichonisukuma kuhesabu ni utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, ambao uliwafuatilia vijana 3,031 wa Birmingham, Chicago, Minneapolis na Oakland kwa miaka 15. Waliokula katika mikahawa ya vyakula vya haraka zaidi ya mara mbili kwa juma, tangu mwanzo hadi mwisho wa utafiti, waliongezeka uzito kwa kilo 4.5 zaidi ya wale waliokwenda chini ya mara moja kwa juma, na usugu wa miili yao dhidi ya insulini, yaani mwili kutoitikia vyema homoni hiyo inayoshusha sukari ya damu, uliongezeka kwa kiasi maradufu ya ongezeko la wale wengine. Mama yangu ana kisukari, naye hujidunga insulini kila siku mbele ya macho yangu. Habari hiyo sikuweza kuisoma na kuipita.

Februari nikaongeza kuandika saa kando ya kila mstari, na hapo ndipo mambo yalipodhihirika, kwa kuwa karibu mistari yote iliangukia kati ya saa saba na saa nane mchana, katika siku nilizotoka nyumbani mikono mitupu. Kisha Ramadhani ikaingia, tukawa tunafuturu nyumbani kwa mihogo ya nazi na mbaazi, na kalenda ikabaki nyeupe mwezi mzima. Sikuitamani chipsi hata siku moja. Baada ya Idi mistari ikarudi, 12 ndani ya mwezi mmoja, nikaelewa kwamba kinachonipeleka pale ni ile saa ya mchana na ile harufu ya mafuta inayomlaki mtu kabla hajafika mlangoni, wala si njaa.

Nilipomweleza mama, alishangaa kweli. "Mwanangu, nyumba hii hailali bila wali. Wewe wala nini barabarani?"

Tangu siku hiyo nilianza kubeba kiporo: wali wa jana na mbaazi, au kipande cha samaki wa kupaka, ndani ya bakuli la chuma lenye kifuniko cha kubana, maana lile la plastiki lilinivujia mchuzi wa nazi juu ya daftari. Majuma mawili ya kwanza yalikuwa magumu, hasa siku ambazo wenzangu waliniita twende pamoja, na mara tatu nilikwenda nikachora mstari bila kujificha.

Desemba ilifungwa kwa mistari minne, yote ya Ijumaa jioni, tunapokwenda pamoja na watoto tukaketi, tukala chipsi za moto kwa kachumbari na ukwaju. Mistari hiyo huichora binti yangu.