Uchumba wangu na Bwana Sampuli

Nianze na washauri. Mteja wangu mmoja, mama mtu mzima anayechukua doti mbili kila mwezi na kulipa moja, aliniambia nimwache mapema mchumba wangu, ambaye ana usonji (kwa Kiingereza autism, ubongo wenye namna yake ya kuwasoma watu, maneno na kelele), maana "watu wa usonji hawapendi, wapo tu." Jirani yangu wa duka la simu akasema huo ni ugonjwa wa watoto, mtu wa miaka thelathini na ushee ameupatia wapi? Mjomba wa Masasi, mwenye majibu ya kila kitu, akasema umeletwa na chanjo. Halafu binamu yangu msomi akaja na upole wake: "Dada, kwani sisi sote si tuna kausonji kidogo?" Huyu ndiye aliyeniudhi kuliko wote. Ningekuwa nako hako kausonji ningemwelewa mwenzangu mapema, nisingehangaika na kanga.

Nauza kanga na vitenge karibu na soko kuu, hapa Mtwara mjini. Mwenzangu ni mtu wa ghalani. Msimu wa korosho ukifunguka, kuanzia Oktoba hivi, kazi yake ni kuchoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha, kuchukua sampuli, kuhesabu punje zinazoingia kwenye kilo moja, kisha kuzikata moja moja: nzima huku, zilizooza huku, zilizosinyaa kule. Anapima kiini kilichobaki, anapiga hesabu, anatoa zile ratili kwa gunia la kilo 80 ambazo wanunuzi wa mnadani huziuliza kabla hata ya salamu. Zikivuka 50, mkulima anatabasamu. Zikishuka, mkulima anamtukana, naye anamkatia korosho nyingine mbele ya macho yake bila kupandisha sauti. Ndiyo maana wanamwita Bwana Sampuli. Majina aliyoitwa utotoni kule Newala siyaandiki hapa.

Alikuja dukani kumnunulia mama yake kanga. Akazisoma zote zilizotundikwa, kwa sauti, kutoka kushoto kwenda kulia, akaniambia mbili zina makosa ya tahajia. Yaliyofuata yalikwenda kama yanavyokwenda.

Habari ya usonji ilithibitishwa Dar, tukiwa tayari wachumba. Ni zaidi ya kilomita 500 za basi, na ukijumlisha nauli, kulala na kumwona daktari, laki mbili na kitu zilitutoka, chakula sijakihesabu. Watu huuliza alipimwa nini. Hakutolewa damu, hakupigwa picha ya kichwa. Usonji hautafutwi kwenye damu. Daktari aliongea naye kwa muda mrefu, akampigia simu mama mkwe amuulize alianza kusema lini, alichezaje na wenzake, kelele alizichukuliaje. Mama akasema huyu alikuwa akipanga korosho kwa ukubwa kabla hajajua kuvaa shati. Na hakuandikiwa dawa, kwa sababu dawa ya usonji wenyewe haipo. Anayekuuzia chupa anakuuzia chupa.

Mama mkwe alilia kwenye simu, kilio cha kutua mzigo. Miaka yote ukoo ulimwambia hakumlea mtoto, alimlaza chini sana, hakumbeba mgongoni vya kutosha. Nilipokwenda kumsalimia nikamwambia hata Wazungu waliwasingizia mama zao. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner kule Marekani alieleza habari za watoto 11 wa namna hii, na miaka mingi baadaye wataalamu, Bruno Bettelheim akiwa mbele, walikuwa bado wanasema ubaridi wa mama ndio uliomfanya mtoto awe hivyo. Ikaja kuonekana si kweli. Mama akasema, "Kumbe na huko kuna mawifi." Tukacheka mpaka chai ikapoa.

Mjomba na chanjo yake nilijaribu kumweleza pia. Nikamwambia lile andiko la daktari Andrew Wakefield la mwaka 1998, lililohusisha chanjo ya surua na usonji, lilikuwa la watoto 12 tu, jarida la Lancet lenyewe likalifuta mwaka 2010, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Mjomba akasema hao ndio wanaoficha. Nikamwongezea ugali.

Sasa kanga. Mimi ni mtoto wa pwani, nimekula na kuvaa kwa kuuza mafumbo. Mwanamke wa kwetu akiudhika hasemi, anavaa. Sikukuu ya Idi mwenzangu hakutokea nyumbani. Nilikuwa nimemwambia kwa mdomo wangu, "Karibu siku yoyote," na kila mtu anajua maana yake ni uje Idi, saa ya pilau, umevaa kanzu. Hakuja. Nikaingia dukani kwangu nikajichagulia silaha.

Ya kwanza iliandikwa USINIONE NIMENYAMAZA NINA MENGI MOYONI. Nikajifunga, nikabeba bakuli la chakula ambalo hakuna aliyeniomba, nikapita mbele ya ghala saa saba mchana jua likiwa utosini. Akatoka. Akasoma, midomo ikicheza. Akaniuliza, "Mangapi?"

Nikasema, "Nini mangapi?"

"Hayo mengi. Ni mangapi?"

Nikageuka na bakuli langu. Siku nyingine nikavaa MVUMILIVU HULA MBIVU. Akaniambia maembe bado, mpaka Novemba. Nikapandisha daraja, nikatoa ile kali ninayowauzia wake wenza, maneno yake siwezi kuyarudia hapa kwa kuwa mama mkwe anasoma. Akaishika pindo, akaisugua kidole, akasema rangi inachuja, nimeuziwa mzigo wa chini, nirudishe kabla wiki haijaisha. Na kweli ilikuwa inachuja! Niliirudisha, nikabadilishiwa robota zima. Kwa hiyo siwezi kusema kanga hazikuleta faida.

Shangazi akasema basi mnunie, mwanamume akinuniwa hujirudi. Nikamnunia wiki nzima, sipigi simu, akija naongea na wateja. Mwisho wa wiki akanitumia ujumbe: "Asante, wiki hii imekuwa tulivu."

Hapo nilikaa chini ya feni nikacheka peke yangu. Jioni nikampigia nikamwambia kwa Kiswahili cha karani: niliudhika kwa sababu hukuja kwetu Idi, nilitaka uje saa nane, ule, umsalimie mama. Kimya kidogo. Akasema, "Ungesema saa nane, ningekuwa hapo saa nane." Halafu akanieleza kwamba "siku yoyote" kwake ni siku nyingi mno, alizikalia akizitazama mpaka zikapita. Alikuwa amenunua kanzu. Ilikuwa bado kwenye mfuko wake.

Baadaye nikamsoma Damian Milton, Mwingereza mwenye usonji, aliyeandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenye usonji, ila lawama hubebeshwa mmoja. Nilimsomea mwenzangu. Akasema hilo angeniambia yeye bure.

Kwa hiyo tunapanga hivi: "Kesho saa kumi na moja jioni, Shangani, tutakula pweza, tutakaa mpaka jua lizame, hatuna mgeni mwingine." Anafika saa kumi na dakika hamsini na tano. Wanawake wenzangu wanaolalamika kuhusu wanaume wasiojulikana walipo, poleni. Wangu najua alipo, na akipata njaa anasema njaa, na nikimuuliza gauni limenikaaje, najiandaa kwanza. Akizidiwa, hasa siku za mnada magari yakipiga honi na kila mtu anaongea, maneno humkauka kabisa. Simlazimishi. Ananiandikia ujumbe hata tukiwa tumekaa kiti kwa kiti, nami namjibu kwa ujumbe. Wapitao hudhani tumegombana.

Kuhusu kumtaja, nilimuuliza mwenyewe, jambo ambalo washauri wangu wote hawakulifikiria. "Anaumwa usonji" hataki, haumwi. "Mwathirika" ndiyo kabisa. Binamu alipomletea "Asperger, ile ya wenye akili," alikuwa ameshaisoma: Wamarekani waliliunganisha hilo jina na usonji kwenye mwongozo wao wa utambuzi wa mwaka 2013, na huyo Hans Asperger mwenye jina, daktari wa Vienna, mwanahistoria Herwig Czech alionyesha mwaka 2018 jinsi alivyoshiriki kupeleka watoto kwenye kliniki ya Wanazi walikouawa. Binamu akanyamaza. Kwa Kiingereza wenye usonji wenyewe wanabishana namna ya kutajwa. Jim Sinclair, mwenye usonji wa Marekani, tangu miaka ya 1990 alikataa usonji usemwe kana kwamba ni kitu cha pembeni unachoweza kumvua mtu. Mwenzangu anasema "nina usonji" anavyosema "nina miaka thelathini na nne," akaendelea na kazi. Kinachomkera ni tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, kila bango lina mtoto. "Sisi wakubwa tulikwenda wapi?"

Nije kwenye ujanja wangu, ambao naona mnastahili kunilipa. Harusi ya mdogo wangu, Mikindani. Spika, vigeregere, mikono ya kushika kuanzia barazani mpaka jikoni, na yeye kushikwa mkono na mtu asiyemjua hawezi. Mikono kwanza: nilimfundisha kuweka kiganja kifuani, kuinama kidogo na kusema shikamoo. Wazee wakamwona mshika dini wa kweli. Bibi mmoja akaniambia nimepata mcha Mungu, vijana wa siku hizi wanashikashika tu. Sikumsahihisha.

Kelele je? Nilimwomba mwenyekiti wa kamati amkalishe mwenzangu kwenye meza ya michango, nyuma ya nyumba, ukuta kati yake na spika. Mezani pale mtu anakuja mmoja, anataja jina, anatoa bahasha, anaondoka. Hakuna porojo. Nilimwandikia kwenye karatasi nani atakuja, chakula saa ngapi, gari la kurudi saa ngapi. Bwana Sampuli akafungua daftari, akapiga mistari kwa rula: jina, ahadi, iliyoletwa, baki. Hiyo safu ya nne hakuna aliyeiomba.

Mjomba wa Masasi akaja na bahasha yake. Ahadi ilikuwa 50,000. Mwenzangu akahesabu mbele yake, akasema kwa sauti ya ghalani, "Thelathini. Baki ishirini. Utalipa lini?" Foleni nzima ikageuka. Mjomba akacheka, akakohoa, akajipapasa mifukoni, akatoa ishirini. Waliokuwa nyuma yake wakaanza kufungua pochi zao kabla hawajafika mezani. Kamati haijapata kukusanya vile, na hesabu ilifungwa usiku uleule bila ugomvi. Sasa kamati mbili za mtaani zinamtaka, anakwenda kwa masharti ya ukuta.

Posa yenyewe nilikuwa naiogopa bure. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na lugha ya posa ni mafumbo matupu: tumepita tumeona ua, tumepotelewa na jogoo. Lakini mposaji hasemi! Mshenga ndiye anayesema, yeye ametulia nyumbani kwao Newala akisubiri ujumbe. Mjomba akaipokea barua, akataja mahari, akasema, "Huyo mumpe, asije akaniandika tena."

Harusi tumeiweka mwezi wa sita, mvua zimekwisha na ghala halijafunguliwa. Dada zangu wanataka spika nne. Nimewapa kiwanja cha jirani, na daftari la michango anaandika bwana harusi mwenyewe, wapende wasipende.